Kazi ya Mtoa Tiba kwa Vitendo Mwandamizi katika Huduma za Afya ya Akili Ngazi ya Jamii

Mwongozo huu ni wa mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, aliyekwisha kufanya kazi wodini na kliniki kwa miaka kadhaa, ambaye sasa amepandishwa daraja kuwa mwandamizi na kukabidhiwa huduma za afya ya akili katika halmashauri nzima. Mifano yake ni ya Tanzania Bara, hasa wilaya za vijijini, ambako hospitali ya wilaya huwa na mtaalamu mmoja wa fani hii au haina kabisa. Mtaalamu wa Kilifi au wa Bujumbura ataona humu mambo mengi anayokutana nayo kila siku, ingawa sheria na majina ya ofisi hutofautiana.

Ukiwa wodini, kazi yako ilionekana mbele yako: mgonjwa aliketi, akafuma au akapanda mboga, nawe ukaandika ulichokiona. Katika daraja la mwandamizi utapimwa zaidi kwa yale yanayotendeka nyumbani kwa mgonjwa siku ambayo wewe haupo, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya utaalamu wako itawafikia wagonjwa kupitia mikono ya watu wengine. Mtaalamu asiyelikubali jambo hili mapema hujikuta akikimbizana na pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji, akiwaona wagonjwa wachache vizuri na kuwaacha walio wengi bila huduma yoyote.

Wajue watu utakaofanya nao kazi

Kabla ya kupanga ziara hata moja, kaa na mratibu wa afya ya akili wa wilaya, wauguzi wa kliniki, afisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kata utakazoanza nazo. Jitambulishe pia kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, kwa maana mgeni anayeingia mtaani bila wao kujua huzua maneno, na maneno hayo humwangukia mgonjwa na familia yake.

Usiwafundishe wahudumu wa jamii majina ya magonjwa kama kwamba wanajiandaa kwa mtihani. Wafundishe kuuliza habari za siku ya mgonjwa. Mhudumu akifika nyumbani, aanze na salamu na heshima za kawaida, amwamkie mwenye nyumba shikamoo ikiwa ni mkubwa kwake, kisha aulize: “Mama, jana kijana wetu aliamka saa ngapi, na mpaka jua linazama alifanya nini?” Swali hili moja huleta habari nyingi kuliko kuuliza kama mgonjwa anaendelea vizuri, ambalo karibu kila mtu hulijibu kwa kusema “anaendelea tu.” Likiulizwa sawasawa, mhudumu atajua kwamba mgonjwa ameacha kuoga, kwamba anakula peke yake nyuma ya nyumba, kwamba ameanza tena kutembea usiku, au kwamba jana alichota maji bila kuambiwa. Hayo yote ni dalili, na mtu asiye daktari anaweza kuyaona.

Mwekeeni utaratibu wa mawasiliano unaoeleweka: ni mabadiliko gani anayaandika daftarini na kusubiri mkutano wa mwezi, na ni yapi anayapigia simu siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyezungumza juu ya kujidhuru, aliyeacha kula na kunywa, au anayetishia watu kwa silaha, habari zake hazisubiri mkutano. Muuguzi na mganga wa zamu lazima wajue mapema kwamba simu hizo zitakuja, ili mhudumu asiachwe akihangaika peke yake na simu isiyopokelewa.

Ziara ya kwanza nyumbani

Ziara ya kwanza usiijaze fomu. Ona mahali mgonjwa anapolala, maji yanakotoka, choo kilipo, jiko liko ndani au nje, na nani huondoka nyumbani asubuhi akarudi jioni. Mwombe mgonjwa mwenyewe akuonyeshe mazingira yake, kwa sababu anapokutembeza unapata nafasi ya kuona kama anakumbuka, anapanga mambo, anavumilia mazungumzo, na kama wenzake wa nyumbani humwachia aseme au humkatisha. Ukimhoji akiwa ameketi katikati ya ndugu sita, utasikia maoni ya ndugu sita.

Kisha mwulize anataka kufanya nini. Wengi wetu tuliozoea wodi tunaliruka swali hili, tukimpangia mtu kufuga kuku kwa sababu mradi una vifaranga. Kuna kipimo kinachotumika sana katika fani yetu, kilichotungwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho humtaka mteja ataje shughuli zenye maana kwake, kisha azipime kwa kiwango cha 1 hadi 10: umuhimu wa shughuli, namna anavyoitekeleza sasa, na jinsi anavyoridhika nayo. Kwa mtu asiyezoea namba za kwenye karatasi, weka kokoto kumi chini na umwombe asogeze zile zinazoonyesha hali yake. Rudia zoezi hilo baada ya miezi mitatu. Mgonjwa aliyesogeza kokoto mbili kwa kwenda ibada ya Ijumaa au ya Jumapili, na sasa akasogeza sita, amekupa ushahidi wa maendeleo ambao hata Mganga Mkuu wa Wilaya atauelewa.

Majibu ya familia na ya mgonjwa yatapingana mara kwa mara. Baba anataka kijana arudi shambani. Kijana anataka kurudi kwenye kijiwe cha bodaboda na marafiki zake. Usiamue haraka upande mmoja. Tafuta shughuli ndogo ambayo wote wawili wanaikubali, ianze wiki hii, na mazungumzo ya shamba na pikipiki yaendelee taratibu.

Kuichambua kazi hatua kwa hatua

Uchambuzi wa shughuli ndio kiini cha taaluma yetu, na ni jambo ambalo hakuna mwingine katika timu aliyefundishwa kulifanya. Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 30 hivi, aliyewahi kulazwa kwa skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili unaovuruga fikra), ambaye kabla ya kuugua alikuwa akipika na kuuza maandazi. Familia inasema hawezi tena. Neno “hawezi” linaficha hatua zisizopungua kumi, na kazi yako ni kujua anakwama katika ipi.

Kuamka saa kumi alfajiri: dawa ya usiku inamlemea, hivyo zungumza na muuguzi au mganga kama inawezekana kumeza saa moja jioni badala ya saa nne usiku. Wewe hubadilishi dawa, lakini wewe ndiye utakayewaeleza kwamba saa za dawa zinamnyima mtu kipato. Kupima unga, sukari na hamira: anasahau alichokwisha kuweka, kwa hiyo apange vitu vyote upande wa kushoto na kila alichotumia akihamishie kulia. Kukanda anakumbuka vizuri, mikono yake inaijua kazi, nawe hapo humsaidii. Mwache afanye na familia imwone akifanya. Kungoja unga uumuke ni kipindi kigumu kwa mtu ambaye dawa zinamfanya ashindwe kutulia, hivyo mpangie kufagia uwanja au kuwasha moto katika muda huo. Kukaanga kunahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani mikono inayotetemeka na mafuta ya moto haviendani. Kwa mwezi wa kwanza dada yake akaange, yeye akate na kupanga. Mwisho kuna wateja na chenji. Bei moja isiyobadilika na sarafu zilizotengwa katika vikopo viwili hupunguza hesabu, na wateja wa kwanza wawe majirani wanaomfahamu, siyo stendi ya mabasi yenye kelele na utani mkali.

Ukiyaandika haya katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, mhudumu wa jamii anaweza kuufuata wiki nne bila wewe kuwapo. Hapo ndipo huduma ya mwandamizi inapoonekana. Wale waliosoma kazi ya Vona du Toit wa Afrika Kusini watatambua wazo la kulinganisha ugumu wa shughuli na kiwango cha utashi ambacho mgonjwa amefikia; litumie kujua lini uongeze hatua na lini usubiri, lakini usimtajie mhudumu majina ya viwango hivyo.

Dawa na mwili unaofanya kazi

Mtoa tiba kwa vitendo asiyefahamu madhara ya dawa za akili atawaita wavivu watu ambao misuli yao imekakamaa. Haloperidoli na sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa huweza kuleta ukakamavu, kutetemeka na hali ya kutotulia. Waulize ndugu ni siku zipi baada ya sindano mgonjwa huwa mzito zaidi, kisha mpangie kazi nyepesi siku hizo. Klopromazini humfanya mtu aungue na jua kwa urahisi na kupata kizunguzungu anapoinuka ghafla, jambo la hatari kwa mkulima anayeinama na kuinuka mchana kutwa. Kofia pana, mikono mirefu na kulima kabla ya saa nne asubuhi ni ushauri wa kitabibu kwake, wala usiuone kuwa mdogo. Anayetumia lithiamu na kufanya kazi ya kutoa jasho jingi, kama kufyatua matofali, anahitaji maji ya kutosha, na kuharisha au kutapika kwake ni sababu ya kurudi kituoni upesi, kwa sababu dawa huweza kupanda mwilini hadi kiwango cha sumu.

Kifafa, moto na maji

Katika kliniki nyingi za afya ya akili za wilaya zetu, wagonjwa wa kifafa ni sehemu kubwa ya foleni, nawe huwezi kuwaacha kwa hoja kwamba kifafa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ufuatiliaji wa miaka 30 wa wagonjwa 164 aliouchapisha pamoja na Dkt. Rwiza mwaka 1992 unaonyesha kwamba kuungua na kuzama majini vilikuwa miongoni mwa visababishi vya vifo vyao. Yeyote aliyefanya kazi vijijini ameyaona makovu ya moto mikononi na usoni.

Hapa fani yetu inaokoa maisha kwa njia za kawaida kabisa. Jiko la mafiga matatu lililo sakafuni libadilishwe kuwa jiko la udongo lililoinuliwa na kuzungushiwa ukingo, ili anayeanguka asiangukie makaa. Chakula kipakuliwe sufuria ikiwa imetua, na maji ya moto abebe mwingine. Kuchota maji kisimani au mtoni kuwe kwa watu wawili. Kukwea minazi na miembe kuachwe kabisa, na mvuvi asiingie mtumbwini peke yake hata kama ni hodari wa kuogelea. Mtoto mwenye kifafa arudi shule, na mwalimu wa darasa aonyeshwe namna ya kumlaza ubavu bila kumtia kitu mdomoni. Wengi bado huogopa kumgusa mtu aliyeanguka, wakiamini kwamba mate yake huambukiza. Hofu hiyo haiondoki kwa mabango. Huondoka pale mhudumu anapomwinua mgonjwa mbele za watu na kumfuta uso.

Unapomkuta mtu amefungwa

Utakutana na mtu aliyefungwa kamba au mnyororo, na namna utakavyojibeba katika nusu saa ya kwanza itaamua kama familia hiyo itakufungulia mlango tena. Usianze na lawama wala vitisho vya polisi. Waulize ndugu walianza lini, saa zipi wanamfungua, na wanaogopa nini hasa. Mara nyingi hofu yao ina jina: aliwahi kuchoma nyumba ya jirani, alipotea siku tatu, au alimpiga mama yake. Mwandikie muuguzi siku hiyo hiyo ili matibabu yaanze au yarejeshwe, kwa kuwa kumfungua mtu aliye katika hali kali bila dawa na bila uangalizi ni kumrudisha kwenye mnyororo baada ya wiki moja. Ikiwa ni lazima apelekwe hospitali bila ridhaa yake, mfahamu utaratibu wa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na mshirikishe afisa ustawi wa jamii, msitegemee mgambo na nguvu.

Dawa zinapoanza kufanya kazi, kubaliana na familia saa za kufunguliwa, na uzijaze saa hizo kwa shughuli. Mtu aliyefunguliwa akaachwa akikaa tu huwatia ndugu wasiwasi. Mtu aliyefunguliwa anayepukuchua mahindi pamoja na shangazi yake huwapa sababu ya kuongeza saa moja zaidi wiki ijayo. Usiondoke bila tarehe iliyoandikwa ambayo kifungo hicho kitakoma kabisa.

Wapo waganga wa tiba asili ambao wagonjwa hupitia kwao kwanza, wengine wakiwa wamesajiliwa kisheria. Kuwatukana hakumsaidii mgonjwa. Waombe wasimkatishe dawa za hospitali, wasimfunge na wasimnyime chakula, na wakubaliane nawe juu ya hali zinazowalazimu kumleta kituoni.

Kazi kama tiba na kazi kama unyonyaji

Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wagonjwa wamekuwa wakifanya kazi za chai, shamba na ufundi kama sehemu ya matibabu, na baada ya uhuru vilikuwapo vijiji vya kilimo vya marekebisho kama Vikuruti, ambako mgonjwa aliweza kuishi na ndugu akilima kama wanakijiji wengine. Wazo la kwamba kazi inaponya tulilirithi tayari.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwandamizi lazima awe mkali pale kazi inapoacha kuwa ya mgonjwa. Jiulize mambo haya kila unapoisifu familia kwamba “siku hizi anafanya kazi”: mazao au fedha zinaishia kwa nani, anaweza kukataa bila kunyimwa chakula, na kuna siku ya kupumzika? Nimewaona watu waliopata nafuu wakageuzwa kuwa wachota maji wa ukoo mzima, wakilala stoo na wakisifiwa kwa unyenyekevu. Hali hiyo usiiandike kama mafanikio ya tiba. Izungumze na familia kwa upole lakini waziwazi, na ikishindikana, afisa ustawi wa jamii aingie.

Kipato cha haki kina njia zake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiwahusu tu wenye ulemavu wa viungo. Inatambua pia vikwazo vinavyotokana na akili. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Fuatana na mteja wako hadi ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa maana mtu aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, akienda peke yake huenda akarudishwa mlangoni. Lakini mkopo usimtangulie uwezo: asikope mpaka biashara yake ndogo imesimama miezi kadhaa, la sivyo deni litamrudisha kitandani.

Kuwasimamia wenzako

Wataalamu walio chini yako na wanafunzi wanaotoka chuo cha Moshi na kwingineko wanahitaji saa maalumu ya kuketi nawe kila baada ya wiki mbili, milango imefungwa na simu zimezimwa. Katika saa hiyo zungumzieni mgonjwa mmoja au wawili kwa kina, kisha uulize hali ya mtaalamu mwenyewe, hasa kama amepoteza mgonjwa kwa kujiua. Nenda naye nyumbani kwa wateja walau mara moja kila robo mwaka ukiwa mtazamaji, na maoni yako uyatoe njiani mnaporudi, kamwe usimsahihishe mbele ya familia.

Takwimu za kliniki zijazwe katika rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) kama inavyotakiwa, na mahitaji yako ya nauli, mafuta na vifaa yafike katika mpango wa afya wa halmashauri kabla ya msimu wa bajeti kufungwa. Ombi la fedha linalosema “kuimarisha huduma” hukatwa. Linaloonyesha kata, idadi ya wagonjwa na ziara zinazohitajika lina nafasi ya kusikilizwa.

Kulifunga jalada

Mgonjwa aliyefikia malengo yake anapaswa kuruhusiwa, hata kama ninyi wawili mmezoeana, kwa kuwa kila ziara isiyohitajika ni ziara aliyonyimwa mwingine. Mpe na umpe mlezi wake ukurasa mmoja unaoeleza shughuli anazozimudu, zile ambazo bado anahitaji mtu karibu, na dalili tatu za mwanzo ambazo kwake zilitangulia kila alipougua upya. Dalili hizo ziandikwe kwa maneno yao wenyewe: “anaanza kuvaa koti mchana,” “anaacha kupokea salamu,” “anafua nguo usiku.” Chini yake liwepo jina la zahanati, siku za kliniki na namba ya simu ya mhudumu wa kijiji. Nakala moja ibaki zahanati, nyingine ndani ya jalada lako, na katika kalenda ya mhudumu andikeni miezi miwili ya kupita kumsalimu: mwezi wa tatu baada ya kuruhusiwa, na mwezi ambao kazi za shamba huanza, kwa sababu katika msimu huo usingizi hupungua, chakula huwa haba na kliniki hukosa watu.